Ushindi wa ubaoni: mpango wa mshindi au kosa la mshindwa

Sataranji, drafti na bao ni michezo isiyo na kificho. Hakuna dadu inayorushwa wala karata iliyofunikwa. Kila kete iko mbele ya macho ya wachezaji wote wawili, na mbele ya watazamaji waliowazunguka pia. Anayeshindwa hana bahati mbaya ya kusingizia. Kilichomwangusha kilikuwepo ubaoni, kikionekana na kila mtu, ila yeye hakukiona au alikiona akakipima vibaya. Ndiyo maana mchezo ukiisha watazamaji hugawanyika. Wapo wanaosema mshindi “kamtega”, yaani alipanga tangu mwanzo, na wapo wanaosema mshindwa “kajimaliza mwenyewe”. Kauli hizo mbili ndizo pande mbili za swali ambalo wataalamu wa sataranji wamelijadili kwa zaidi ya miaka mia moja: ushindi huletwa na mpango au huletwa na kosa?

Katika Dodoma na uwanda wa kati wa Tanzania, swali hilo huulizwa zaidi kwenye drafti na bao kuliko kwenye sataranji. Drafti ni mchezo wa kijiweni, unaochezwa chini ya mti au kwenye kibaraza cha duka, mara nyingi kwa vizibo vya soda juu ya ubao uliochorwa kwa mkono. Bao la Kiswahili limekomaa pwani na visiwani, lakini bara nako linafahamika. Mwalimu Julius Nyerere, ambaye chini ya uongozi wake Dodoma iliteuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, alijulikana kwa kulipenda. Michezo ya mistari minne ya mashimo imeenea pia kandokando ya maziwa makuu: Wasukuma wana isolo, na Uganda ina omweso. Sataranji imepita njia nyingine, ya shule na vyuo, na bado ni ngeni kwa wengi. Michezo hii mitatu haifanani kanuni, na tofauti hizo ndizo zinazosaidia kujibu swali, kwa sababu kosa la sataranji, kosa la drafti na kosa la bao ni vitu vitatu tofauti.

Upande wa hisabati ndio ulio rahisi zaidi kueleza. Mwaka 1913 Ernst Zermelo, mwanahisabati wa Ujerumani, alionyesha kwamba mchezo wa aina ya sataranji una hatima yake kabla kete ya kwanza haijasogezwa. Ama mweupe anaweza kulazimisha ushindi, ama mweusi anaweza, ama kila mmoja ana njia ya kujihakikishia walau sare. Jibu lipo, ugumu ni kulipata. Kwa drafti limeshapatikana. Mwaka 2007 Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza kwamba kazi waliyoianza 1989 imekamilika: drafti ya miraba 64 kwa kanuni za Kiingereza ni sare iwapo pande zote mbili hazikosei. Drafti ya vijiweni ina kanuni zake, hasa kingi anayekimbia mbali, kwa hiyo uthibitisho huo hauwezi kuhamishiwa huku moja kwa moja, lakini unaonyesha mwelekeo. Awari, ndugu wa bao huko Afrika Magharibi mwenye mashimo 12 na kete 48, ilimalizwa mwaka 2002 na John Romein na Henri Bal wa Vrije Universiteit ya Amsterdam, baada ya kompyuta kupitia hali zote 889,063,398,406 zinazoweza kutokea. Nayo ni sare.

Sataranji haijamalizwa. Kinachojulikana kwa uhakika ni hali zote zenye vipande saba au pungufu, wafalme wakihesabiwa humo. Hata hivyo dalili zinaelekea upande uleule. Mchezo wa masafa, ambao washindani hutumiana hatua kwa siku kadhaa na kuruhusiwa kuuliza kompyuta, siku hizi huishia kwa sare katika sehemu kubwa kabisa ya mashindano yake ya juu. Desemba 2017 programu ya AlphaZero ilipotangazwa kuishinda Stockfish, iliyokuwa miongoni mwa programu kali zaidi duniani, michezo 72 kati ya 100 ilikwisha sare. Ikiwa sataranji kweli ni sare, basi hitimisho moja halikwepeki: hakuna mchezo uliowahi kushindwa bila mtu kukosea. Mwenye kauli ya “kajimaliza mwenyewe” anakuwa amepata ushahidi wa hisabati.

Hoja hiyo ni sahihi, lakini haitoshi kabisa. Kosa linalozungumzwa na hisabati ni hatua yoyote inayoigeuza sare kuwa kushindwa, hata kama hakuna binadamu aliye hai anayeweza kuligundua. Katika hesabu za vipande saba zipo hali ambazo ushindi wake unahitaji zaidi ya hatua 500 zisizo na dosari. Anayeingia katika hali kama hiyo upande wa kushindwa amekosea kihisabati, ila kumwambia mtu huyo kwamba alifanya kosa ni sawa na kutomwambia chochote. Neno likishapanuka kiasi hicho halimtofautishi tena aliyeacha malkia wake aliwe bure na bingwa aliyezidiwa na jambo lililo nje ya uwezo wa akili ya mtu. Swali linalowahusu wachezaji lazima liulizwe kwa makosa ambayo mchezaji wa kiwango chake angeweza kuyaepuka.

Makosa ya namna hiyo hayako sawa. La kwanza na la wazi ni kuacha kete bila ulinzi, au kutotazama mwenzake ametishia nini kwa hatua aliyomaliza kuicheza. Kosa hili ndilo linaloamua karibu michezo yote ya wanaojifunza, na linaweza kupunguzwa kwa uangalifu tu, bila elimu kubwa. La pili ni la hesabu: mchezaji ameona tishio, ameanza kufuata mfululizo wa hatua kichwani, akasahau moja katikati. La tatu ni gumu kulionyesha kwa kidole. Ni kosa la kupima, pale mchezaji anapobadilishana vipande visivyopaswa kubadilishwa, au kumsogeza askari ambaye hawezi kurudi nyuma na kuacha nyuma yake mraba ambao hakuna tena wa kuulinda. Hakuna kilichopotea siku hiyo. Hasara huja baada ya hatua ishirini, na wakati huo hakuna anayekumbuka ilianzia wapi.

Ni katika kosa hili la tatu ndipo Wilhelm Steinitz, bingwa wa dunia kuanzia 1886 hadi 1894, alipotoa mchango ambao bado haujapitwa. Kabla yake mashambulizi yalihesabiwa kuwa zao la kipaji na ujasiri: mwenye moyo alishambulia, mwenye akili zaidi akashinda. Steinitz alishikilia kwamba shambulizi haliwezi kufaulu bila sababu iliyoko ubaoni. Pande mbili zikiwa sawa, anayeshambulia kwa nguvu ndiye anayejiumiza. Sababu ya kushambulia hupatikana pale mizani inapoinama, na mizani huinama kwa vitu vidogo: askari aliyeachwa peke yake, mfalme aliyechelewa kujificha, askofu aliyefungwa na askari wa upande wake mwenyewe. Kazi ya mchezaji ni kuvikusanya vitu hivyo kimoja baada ya kingine, kisha kushambulia wakati mkusanyiko umetosha. Katika fundisho hilo ugomvi wa mpango na kosa unapungua sana. Kila kidogo kinachokusanywa ni kosa dogo la mwenzake, na mpango ni ustadi wa kuyatambua makosa madogo ambayo wengine hawayahesabu kuwa makosa na kuyaunganisha.

Emanuel Lasker, aliyemng'oa Steinitz na kukaa bingwa kwa miaka 27, hadi 1921, aliongeza upande mwingine. Kwake sataranji ilikuwa mapambano ya watu wawili. Alisifika, na wengine walimlaumu, kwa kuchagua njia iliyomkera mpinzani aliyekuwa mbele yake hata pale palipokuwa na njia bora kwenye karatasi. Wachambuzi wa baadaye wamebisha kwamba sifa hiyo ilitiwa chumvi na kwamba hatua nyingi za Lasker zilikuwa nzuri zenyewe. Vyovyote iwavyo, wazo lililobaki ni zito: hatua mbili zinaweza kuwa sawa kihisabati, zote sare, lakini moja ikamwachia mpinzani majibu kumi mazuri na nyingine ikamwachia jibu moja tu lililojificha. Anayechagua ya pili mara kwa mara atashinda michezo mingi kuliko anayechagua ya kwanza. Kosa ni la mpinzani, ila mazingira ya kosa yametengenezwa.

Mkulima wa Ugogo, huko Dodoma, anaelewa hali hiyo bila kufundishwa. Hawezi kuamuru mvua, na uwanda wa kati hauna mvua ya kutegemea. Anachoweza ni kupanda uwele na mtama, mazao yanayovumilia ukame, ili mvua hata ikinyesha kidogo ikute shamba limekaa tayari. Mchezaji naye hawezi kumwamuru mwenzake akosee. Anaweza kuziweka kete zake mahali ambapo kosa la mwenzake, likija, litamfaa. Wapo wachezaji wanaopewa makosa mchezo mzima na wasipate hata moja la kutumia kwa sababu vipande vyao vimekaa vibaya.

Drafti huifikisha hoja hii mbali zaidi kutokana na kanuni moja: kula ni lazima. Katika sataranji mchezaji akiwekewa chambo anaweza kukipuuza. Katika drafti hana hiari. Mwenzake akisukuma kete mbele ya kete yake, sharti aile, na akiila analazimika kutua pale alipopangiwa. Hivyo mchezaji hodari hutoa kete moja akala tatu, au hutoa mbili ili apate njia ya kuingia kingi, na watazamaji hushangilia chambo. Lakini kosa halikutokea pale chambo kilipoliwa, kwa kuwa kula hakukuwa uamuzi wa mtu. Lilitokea hatua mbili au tatu nyuma, kete zilipopangwa na nafasi katikati yake kiasi cha kuruhusu kurukwa mfululizo. Asiyelijua hilo atajilaumu kwa hatua isiyostahili lawama, na kesho atarudia ileile iliyomponza. Drafti ni mwalimu mzuri kwa sababu inamlazimisha mtu kutafuta asili ya kosa badala ya mahali lilipoonekana.

Bao ndilo linalohitaji kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ndani yake mpango na kosa vimefungamana kuliko kwenye mchezo mwingine wowote kati ya hii mitatu. Ubao una mistari minne ya mashimo manane; mistari miwili ni ya mchezaji mmoja, miwili ya mwenzake. Mchezo huanza kwa kunamua. Kila mchezaji ana kete 22 za akiba na kumi tu ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa ndani ya nyumba, lile shimo la mraba la mstari wa mbele. Kila zamu kete moja ya akiba huingizwa ubaoni. Akiba ikiisha mchezo huingia awamu ya mtaji, na hapo kete zilizomo mashimoni ndizo zinazotembezwa. Anashinda anayeumaliza mstari wa mbele wa mwenzake, au anayemwacha bila shimo la kuchezea.

Kete zinazoliwa kwenye bao hazitoki mchezoni. Huhamia upande wa mlaji na kupandwa humo, na jumla hubaki 64 tangu akiba imeingia hadi mwisho. Jambo hili hubadilisha kabisa uzito wa kosa. Aliyepoteza malkia bure kwenye sataranji kwa kawaida amekwisha, kwa kuwa malkia harudi na mwenzake ataendelea kubadilishana vipande hadi tofauti hiyo iamue. Kwenye bao aliyebaki na kete chache anaweza kupata mlo mmoja mrefu, kete zikazunguka, zikala, zikazunguka tena, na hali ikageuka kwa zamu moja. Kosa moja la bao ni kubwa kuliko la sataranji kwa madhara ya papo hapo, lakini linarekebishika zaidi. Kwa hiyo ushindi huenda kwa anayeweka kete zake katika hali ambayo makosa yake mwenyewe yanatengenezeka na ya mwenzake hayatengenezeki. Hilo ni suala la mpango.

Nyumba ndiyo kielelezo chake. Maadamu imejaa, ni hazina. Mlo wa mwenye nyumba ukiishia humo, anaweza kuchagua kuipiga safari, kete zake zikatapakaa na kuanza kula. Anayeisafirisha mapema hupata kelele nyingi na faida ndogo, kisha hubaki hana cha kutegemea. Anayeichelewesha anaweza kuliwa yote kwa mkupuo mmoja. Uamuzi huo hauhesabiki hadi mwisho; hupimwa. Mvutano mwingine uko kati ya mstari wa mbele na wa nyuma. Kete zinazoliwa ni za mstari wa mbele, hivyo wanaoanza hukimbilia kuzificha nyuma. Lakini mstari wa mbele ukiwa mtupu mchezo umekwisha, hata kama nyuma kuna kete ishirini. Hofu ya kupoteza, ambayo kwenye sataranji humfanya mtu acheze kwa woga tu, kwenye bao humshindisha mwenzake moja kwa moja.

Kula ni lazima kwenye bao pia, na kutakata, yaani kucheza bila kula, huruhusiwa pale tu ambapo hakuna cha kula. Bingwa hutumia kanuni hiyo kumwachia mwenzake mlo mmoja pekee, na mlo wenyewe uwe ule unaomwagia kete upande usiofaa. Vichwa na vimbi, yale mashimo mawili ya kila mwisho wa mstari wa mbele, vina umuhimu huo: kete zilizoliwa hapo humnyima mlaji hiari ya kuchagua upande wa kupandia. Juu ya yote kuna kutakasia. Mchezaji asiyeweza kula hucheza kwa namna inayoliweka shimo moja la mwenzake hatarini kwa zamu ijayo, na mwenzake, naye akiwa hana cha kula, huzuiwa na kanuni kulicheza shimo hilo ili kuliokoa. Hapa mtu hupoteza kete bila kukosea katika zamu hiyo hata kidogo. Aliyekuwa na jicho angeona hatari zamu mbili kabla, na anayetakasia kwa makusudi aliiona zamu tatu kabla.

Ugumu wa bao ni kuhesabu. Zamu moja inaweza kuuzunguka ubao mara kadhaa, kila mlo ukizaa mwingine, na mchezaji anapaswa kuujua mwisho wa safari kabla hajagusa kete. Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk, watafiti wa Maastricht, walikadiria mwaka 2002 kwamba hali zinazoweza kutokea kwenye bao hufikia moja ikifuatwa na sifuri 25. Alexander de Voogt, aliyekaa na mabingwa wa Zanzibar na kutetea tasnifu yake Leiden mwaka 1995, alichunguza uwezo wao wa kuhesabu na kukumbuka, na kazi yake ndiyo iliyolipeleka bao katika mjadala wa kisayansi kuhusu akili ya bingwa. Mazingira haya yanatosha kumfanya mtu aamini kwamba bao ni mchezo wa makosa matupu, mshindi akiwa ni yule asiyepotea kwenye hesabu. Dhana hiyo haikubaliki kirahisi. Ikiwa kila mtu hupotea kwenye hesabu ndefu, basi aliye na faida ni yule anayejua kuongoza mchezo hadi hali ambazo hesabu yake ni fupi na ya mwenzake ni ndefu.

Utafiti wa akili za wachezaji wa sataranji unaunga mkono upande huo. Adriaan de Groot, mwanasaikolojia wa Uholanzi, alichapisha mwaka 1946 uchunguzi wake wa jinsi wachezaji wa viwango mbalimbali wanavyofikiri kwa sauti mbele ya hali ileile. Wengi wangetarajia mabingwa wahesabu mbali zaidi kuliko wengine. Tofauti haikuwa hapo hasa. Mabingwa walianza moja kwa moja na hatua nzuri, wakati wachezaji wa chini walipoteza muda kwenye hatua zisizo na maana. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon, huko Marekani, walionyesha wachezaji hali za ubao kwa sekunde chache na kuwataka wazipange upya. Kwa hali zilizotoka kwenye michezo halisi bingwa alimpita anayejifunza kwa mbali. Vipande vilipotawanywa ovyo, faida hiyo ilitoweka karibu yote. Bingwa haoni vipande kimoja kimoja. Anaona makundi yenye maana. Anayeona maana hulitambua kosa la mwenzake mapema na hulikwepa lake mapema, kwa jicho lilelile. Kuutenganisha ujuzi wa mpango na ujuzi wa kuepuka makosa, katika ngazi hiyo, ni kugawa kitu kimoja.

Matokeo ya mashindano nayo yanazungumza. Mfumo wa Elo, unaotumiwa kupima viwango, unakadiria kwamba mchezaji anayemzidi mwenzake kwa alama 400 atavuna takriban pointi kumi kwa kila moja ya mwenzake. Kama ushindi ungekuwa ni kuokota makosa yanayodondoka yenyewe, uwiano huo usingekuwa thabiti hivyo. Makosa humfuata mtu dhaifu kwa sababu mwenye nguvu humpa maswali magumu kila hatua.

Fainali za ubingwa wa dunia za miaka ya karibuni zinaonyesha jinsi hilo linavyotokea. Mwaka 2018, London, Magnus Carlsen na Fabiano Caruana walitoka sare michezo yote 12 ya muda mrefu, na Carlsen akashinda pale tu muda ulipofupishwa. Mwaka 2021, Dubai, Carlsen na Ian Nepomniachtchi walianza kwa sare tano. Mchezo wa sita ulifika hatua 136, mrefu kuliko wowote katika historia ya fainali hizo, na Carlsen akaushinda baada ya saa nyingi za kubana kwa faida ndogo sana. Baada ya hapo Nepomniachtchi hakuwa yuleyule. Katika mchezo wa tisa alimsogeza askari mmoja na kuacha askofu wake afungiwe bila njia ya kutoka, kosa ambalo mchezaji wa klabu angelaumiwa nalo. Aliyetazama mchezo wa tisa peke yake ataandika kwamba Carlsen alipewa zawadi. Aliyetazama fainali yote anaona kwamba uchovu na kukata tamaa kwa mpinzani vilitengenezwa katika mchezo wa sita, hatua kwa hatua.

Mwaka 2024 huko Singapore ilikuwa vigumu zaidi kuamua. Ding Liren na Gukesh Dommaraju walifika mchezo wa 14, wa mwisho, wakiwa sawa. Gukesh alikuwa na askari mmoja zaidi katika hali ambayo wachambuzi waliihesabu kuwa sare. Katika hatua ya 55 Ding alisogeza ngome yake mahali palipowezesha ngome na maaskofu kubadilishwa, wakabaki wafalme na askari tu, na hapo sare ikageuka kushindwa. Gukesh akawa bingwa akiwa na miaka 18. Wapo waliolalamika kwamba taji limeamuliwa na kosa. Malalamiko hayo yanasahau kwamba Gukesh angeweza kukubali sare mapema na kwenda kwenye michezo ya muda mfupi. Alichagua kuendelea kuuliza, na Ding alilazimika kujibu kila swali kwa usahihi hadi lile aliloshindwa. Hata hivyo haki lazima itendwe kwa upande wa pili: hakukuwa na mpango wowote wa Gukesh ambao ungeleta ushindi bila ile hatua ya 55.

Kwa mafundisho, jibu hutegemea ngazi ya mchezaji, na hapa walimu wengi hukosea mpangilio. Mtoto wa shule anayeanza sataranji mara nyingi hukaririshwa funguzi na majina yake, akawa anajua hatua nane za kwanza na kupoteza farasi katika ya tisa. Katika ngazi yake mpango ni mapambo. Kinachomfaa ni tabia ya kuuliza, kabla ya kila hatua, mwenzake anatishia nini na ni kipande kipi hakina ulinzi. Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, alifundishwa hatua za kwanza na mtoto mdogo kuliko yeye, katika mradi wa Robert Katende, na mwaka 2010 alikuwa tayari anaichezea Uganda kwenye Olimpiadi ya sataranji huko Khanty-Mansiysk, Urusi. Hakutokea kwenye maktaba ya funguzi. Mpango huanza kuwa na thamani pale makosa ya wazi yanapokuwa yamepungua kiasi kwamba wachezaji wote wawili hawaachi kete bure. Kuanzia hapo anayesubiri kosa atasubiri hadi usiku, na anayejua kulitengeneza ndiye atakayeendelea. Mwanafunzi aliyekulia kwenye drafti ana mtaji ambao walimu wa sataranji wa Dodoma wangeutumia vizuri zaidi: tayari anajua kwamba kete inayotolewa bure ina sababu.

Kwa bao, sehemu ya swali bado iko wazi kwa sababu rahisi. Sataranji ina kumbukumbu za mamilioni ya michezo, kila hatua imeandikwa, na kompyuta inaweza kuonyesha ni hatua ya ngapi iliyogeuza matokeo. Michezo ya bao hupotea kete zinapokusanywa. Njia ya kuiandika ipo na watafiti wameitumia: mashimo ya kila mstari hupewa namba, na kinachohitajika ni shimo lililochezwa, upande kete zilipoelekea, na iwapo nyumba ilisafiri. Programu za kucheza bao nazo zimeshatengenezwa. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, kina ndaki nzima ya sayansi za kompyuta na elimu angavu ambayo wanafunzi wake wangeweza kuandika michezo ya mabingwa, kuipitisha kwenye kompyuta na kuhesabu ni mara ngapi mchezo uligeuzwa na hesabu iliyopotea, ni mara ngapi na nyumba iliyosafirishwa kabla ya wakati, na ni mara ngapi na kutakasiwa ambako hakukuwa na namna ya kukuzuia tena.